Kimya cha Jumapili

Ukifika Ilemela, pale mwaloni, boti zinapotia nanga, chini ya mawe makubwa, ukamuulizia Odeta kwa jina lake la ubatizo, watu watatikisa vichwa. Ulizia mama wa redio. Hapo hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Miaka kumi na tisa amekaa katika chumba kimoja cha tofali kilichobanwa kati ya miamba miwili, na ukimuuliza amefanya nini miaka yote hiyo, atakujibu bila aibu kwamba amesikiliza.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kuna visiwa saba vidogo vyenye zahanati na muuguzi, lakini havina daktari wa kupasua mtu wala mtandao wa simu za mkononi. Mgonjwa akizidiwa, muuguzi anaita, Odeta anapokea, boti ya wagonjwa inatoka. Asipopokea, boti inabaki gatini na mabaharia wanaendelea kucheza drafti. Zamani walitumia redio ya upepo, ile ya kupiga kelele mpaka koo likauke. Baadaye wakaletewa mtandao mpya, mdogo, wa kwao wenyewe, unaopita katika masafa jirani kabisa na yale ya simu za mkononi. Muuguzi anabonyeza kitufe kimoja tu, sauti inafika safi kiasi kwamba unawasikia hata kuku wa zahanati.

Nyumbani alikuwa Mama Sharon, mke wa Mwalimu Privatus. Wote wawili ni Wahaya wa Muleba, watoto wa wakulima wa migomba na kahawa, waliokuja Mwanza vijana na kuzeekea hapa. Privatus amestaafu ualimu, na sasa ni katibu wa halmashauri ya walei katika parokia ya kilimani. Ni mtu mwema, nisije nikaonekana namsengenya. Ila wema wake hauna breki. Akishaamua kumsaidia Padri, ujue Padri atasaidiwa, atake asitake.

Na Padri Antoni alikuwa na shida moja tu duniani: simu. Simu zililia wakati wa masomo, zikalia wakati wa mahubiri, na Jumapili moja ikalia ya mzee wa benchi la mbele wakati wa mageuzo kabisa, ikiimba wimbo wa baa. Mzee wa watu alishindwa kuizima. Kwa kuchanganyikiwa akaiweka chini yake akaikalia, nayo ikaendelea kuimba humo humo mpaka ikachoka yenyewe. Wanakwaya waliuma midomo. Padri Antoni alisimama na hostia mkononi, macho yamemjaa machozi.

Jumatano yake Privatus alirudi nyumbani na boksi. Ndani mlikuwa na kidude cheusi cha ukubwa wa tofali, chenye antena fupi sita, alichokipata kwa mtu aliyetoka nacho ng'ambo.

"Hiki kinazima simu," alisema, amefurahi kupita kiasi. "Ukikiwasha, hakuna cha kuita wala kuitwa. Mama Sharon, wewe ndiye mtaalamu. Tukifunge kabla ya Kwaresima."

"Baba Sharon, hiki ni kosa la jinai. Mamlaka ya mawasiliano wakikikuta tunafungwa."

"Nani atawaambia? Ni kwa saa ya misa tu. Tena Padri mwenyewe hatumwambii. Tutamfurahisha bila yeye kujua."

Angekataa. Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Lakini Privatus akasema kwamba basi atakifunga mwenyewe, atakiweka chini ya meza ya sakristia, na Odeta, ambaye maisha yake yote ameshughulika na antena, hakuweza kuvumilia ujinga huo. "Chini ya meza kitafika wapi?" alisema. "Mawimbi yanataka kimo." Alhamisi akapanda mwenyewe mnara wa kengele, akakifunga kwa waya juu kabisa, akakaza, akakielekeza vizuri kwenye mabenchi. Nyuma ya kidude kulikuwa na dirisha la mnara, na dirisha lile linatazama ziwa. Hakulifikiria. Alikuwa amejaa fahari ya fundi.

Hilo ndilo kosa, na ni la fundi tupu. Mtu asiyejua kitu angekiacha chini ya meza, na kelele zake zingefia kwenye kuta za kanisa. Odeta alikipa kimo cha mnara, na mnara uko juu ya kilima.

Simu zikanyamaza. Majirani wa kanisa walilalamikia makampuni ya simu, kama kawaida yao, na hawakuwaza zaidi ya hapo. Padri Antoni, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amewaomba waumini wasali novena ya kuomba heshima kanisani, aliona novena imejibiwa. Aliwashukuru madhabahuni kwa sauti inayotetemeka. Akamwandikia Askofu. Parokia za jirani zikatuma wajumbe kuja kujifunza jinsi waumini wa kilimani walivyoongoka. Privatus aliwapokea wajumbe hao, akawapa chai, na kifua kilikuwa hakimtoshi.

Zamu za Jumapili wakati huo zilikuwa za Masele, nahodha wa boti, Msukuma mpole asiyependa maneno. Jumatatu Odeta alifungua daftari la zamu akakuta mwandiko wake: mtambo kimya, saa moja hadi mbili na nusu. Chini yake: mtambo kimya, saa tatu hadi tano kasorobo.

"Hali ya hewa," Masele alisema. "Wingu lilikuwa zito."

Odeta alizisoma tena zile saa. Saa moja ni misa ya kwanza. Saa tatu ni misa ya pili. Alikaa na kalamu mkononi, akajiambia kwamba huenda ni wingu kweli.

Aliendelea kujiambia hivyo hadi Jumapili ya nne ya Kwaresima. Siku hiyo Rebeka, muuguzi wa kisiwa cha Nabugozi, alikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu, mtoto ametanguliza miguu. Aliita kuanzia saa moja na dakika kumi. Alipokata tamaa walimpakia yule mama kwenye mtumbwi wa dagaa wakaja kwa mashine ndogo, saa tatu nzima majini. Mama alipona. Mtoto hakupona. Katika taarifa yake Rebeka aliandika sentensi mbili: Niliita mara ishirini na sita. Hakuna aliyejibu.

Odeta aliisoma taarifa hiyo mara mbili, akaikunja akaiweka ndani ya daftari la zamu.

Jioni alimweleza mumewe yote. Lazima nimpe haki yake, alilia. Jumapili iliyofuata hakukiwasha kidude. Na katikati ya mahubiri simu mbili zikalia, moja baada ya nyingine, na Padri Antoni akafunga kitabu chake akauliza kwa sauti ndogo, "Nimewakosea nini?" Akashindwa kuendelea kuhubiri. Jumapili nyingine kidude kikawashwa tena, na ufunguo wa mnara ukahamia mfukoni mwa Privatus.

"Ukitaka kusema, sema," alimwambia mkewe. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mimi nitafungwa, sawa, ni mzee. Lakini watauliza nani alipanda mnarani. Mama wa redio ndiye aliyeziba redio. Na Padri tutamwambiaje? Amekwishamwandikia Askofu. Tusubiri kidogo, Mama Sharon. Tutapata njia."

Kwa hiyo alisubiri. Alienda kwa bosi wake akaomba apewe Jumapili zote, na bosi akamsifu kwa kujitolea. Akawa anakaa chumbani pale kila Jumapili, vipokea sauti masikioni, anasikiliza mlio wa kidude chake mwenyewe, mlio mmoja mrefu usio na pumzi. Ukuta mmoja jiwe, ukuta wa pili jiwe. Saa za misa alikuwa hawezi hata kunywa maji. Muuguzi gani anaita sasa? Kisiwa kipi? Alikuwa hajui, na asingejua mpaka misa iishe.

Kabla ya Pasaka alikwenda kuungama. Alipiga magoti mbele ya kile kidirisha cha wavu, akasikia Padri Antoni anapumua upande wa pili, na dhambi ile ikamfika kooni. Akaungama kumfokea mume. Akaungama uvivu wa kusali rozari. Padri akampa Baba Yetu tatu, kisha akaongeza kwamba anaishukuru sana familia yao kwa utumishi wao. Odeta alitoka nje akautazama mnara.

Mwezi wa tano akaja Florian. Alikuwa kijana wa Bukoba, mhandisi, mwalimu wa chuo, Mlutheri, ana adabu na haraka kwa pamoja. Ofisi ilikuwa imemwita kwa sababu ya zile kurasa za daftari.

"Shikamoo mama. Nimesoma rekodi zenu," alisema. "Hii si hali ya hewa. Kuna mtu anawarushia kelele kwenye masafa yenu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Sijui, na kwa kweli sihitaji kumjua. Nimekuja na dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa ubao mkubwa kama mlango wa stoo, umegawanywa vigae vidogo vidogo mia mbili na zaidi, kila kigae na waya wake nyuma. Waliufunga juu ya mwamba mmojawapo, ukitazama ziwa na mlingoti wa kupokelea. Mabaharia waliuita bati la Florian. Odeta aliuzunguka mara mbili akauliza umeme mkubwa unaingilia wapi.

"Hauna umeme mkubwa," Florian alisema. "Haurushi chochote, mama. Unapokea wimbi na kulipindisha tu. Kila kigae naweza kukiamuru kilirudishe wimbi mapema kidogo au kulichelewesha kidogo. Umewahi kuona mawimbi ya boti mbili yakikutana hapo gatini?"

"Kila siku."

"Yakikutana mgongo kwa mgongo, yanainuka. Yakikutana mgongo wa moja na bonde la jingine?"

"Maji yanalala."

"Basi ndivyo hivyo. Sauti ya Nabugozi naipindisha ifike kwenye mlingoti mgongo kwa mgongo, iinuke. Kelele za huyo mtu nazipindisha zikutane na kelele zenyewe, mgongo na bonde, zilale. Yeye anaendelea kupiga kelele huko aliko, sisi hatumsikii."

Odeta alielewa papo hapo. Kitu ndani yake, kilichokuwa kimekunjwa tangu Kwaresima, kikanyooka. Anaendelea kupiga kelele, sisi hatumsikii. Kwa hiyo Padri abaki na novena yake, Privatus abaki na kifua chake, na visiwa visikike. Hakuna haja ya mtu yeyote kusema neno lolote. Alimwangalia yule kijana kama aliyemletea barua ya kuachiwa huru.

Kulikuwa na jambo moja. Ubao, Florian alieleza, una namna mbili za kufanya kazi. Namna ya kwanza ni kuuacha utafute wenyewe. Unajaribu vigae hivi na vile, unapima, mpaka uone kelele zinatoka upande gani. Na kompyuta inachora mstari kwenye ramani, kutoka hapa hadi kwa mchokozi. Kwa kompyuta ndogo waliyonayo, kutafuta huko kunachukua karibu saa nzima, lakini kesho mchokozi akihama, ubao utamfuata. Namna ya pili ni kuuambia moja kwa moja: kelele zinatoka pale. Hapo unakaa tayari mara moja, ila umekaa pale pale.

"Mimi nataka utafute wenyewe," Florian alisema. "Ndiyo maana yake kuwa na akili."

Odeta aliuona ule mstari kabla haujachorwa. Aliuona unatoka chumbani mwake, unapita juu ya mabati ya watu, unapanda kilima na kuishia kwenye msalaba.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimesikiliza hapa miaka kumi na tisa. Saa nzima ya kutafuta ni ndefu, mtu anaweza kufa. Kelele zinatoka upande wa kilimani, nyuzi sitini hivi kutoka kaskazini. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Uambie hapo, uufunge hapo."

Florian alisita. Lakini nani atabishana na mama wa redio kuhusu masikio? Akaandika nyuzi sitini, akaufunga. Jumapili ile, saa moja kamili, Odeta alikaa na vipokea sauti masikioni. Mlio ukaja, ukazama, ukawa mnong'ono. Juu yake sauti ya Rebeka ikafika, safi, na kuku nyuma yake. Mabaharia walipiga makofi. Florian alimkumbatia. Wote walidhani mama analia kwa furaha, na ni kweli alikuwa na furaha, ila ndani yake kulikuwa na kitu kingine pia ambacho hakukitazama.

Wiki kumi zilipita hivyo. Florian alirudi chuoni, akaacha karatasi yenye maelekezo imebandikwa ukutani. Odeta alianza tena kula vizuri. Usiku aliamka mara moja tu, badala ya tatu. Hakuwa huru, kamba ilikuwa imelegezwa tu, naye akaanza kuzoea ulegevu wake.

Mwezi wa nane Askofu alikuja kutoa kipaimara. Watoto walikuwa mia tatu, na kanisa lisingewatosha, kwa hiyo misa ikawekwa nje, kwenye uwanja ulio upande wa pili wa kilima, chini ya maturubai. Privatus hakulala siku mbili. Alfajiri ya Jumapili Odeta alimwona anafungua betri ya pikipiki, anaiweka kwenye mfuko. Aliona, na hakuuliza. Siku ile aliona mengi: ndoo, vitambaa, mabango. Akaenda kazini.

Saa tatu na robo mlio ukaingia masikioni mwake kwa nguvu mpaka akavivua vipokea sauti na kuvitupa mezani.

Aliangalia ubao juu ya mwamba. Taa zake zote zilikuwa nzima. Ulikuwa unafanya kazi yake kikamilifu, umeelekea mnarani, unalaza kelele za mnara ambao siku hiyo haukuwa na kelele yoyote. Betri ya pikipiki. Uwanjani. Mume wake alikuwa amehamisha kidude kwenda kwenye watu, na bila shaka amekiweka juu, kwa sababu mkewe alimfundisha kwamba mawimbi yanataka kimo.

Kisha taa ya wito ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena. Mtu alikuwa anabonyeza kitufe huko ziwani, na hakuna sauti iliyotoka isipokuwa mlio. Ni Nabugozi? Ni mojawapo ya vile visiwa vingine sita? Odeta alibonyeza, akaita, akaita tena. Taa ikawaka kama inayomjibu, ikazima. Boti haiwezi kutoka bila kujua inakwenda wapi, maana kisiwa kimoja kiko kusini na kingine kaskazini, na ukikosea umepoteza nusu siku.

Alichukua simu yake akampigia Privatus. Haipatikani. Akampigia katekista, akampigia mwenyekiti wa jumuiya yao, akapiga hata ya Padri Antoni. Hawapatikani. Aliiangalia simu mkononi mwake, na kama si kulia angecheka. Watu elfu mbili wako pale, na yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha hakuna hata mmoja anayeweza kupigiwa.

Akasoma karatasi ya ukutani. Akaondoa nyuzi sitini. Akauamuru ubao utafute wenyewe, akijua kwamba baada ya saa moja mstari utachorwa, na yeyote atakayeingia chumbani atausoma. Vigae vikaanza kazi. Taa ya wito ikawaka.

Saa moja ni ndefu. Hilo alikuwa amelisema mwenyewe.

"Masele! Kaa hapa. Usiondoke hata kwa haja ndogo. Mtu mmoja awashe injini, abaki kwenye boti. Nikikwambia kisiwa, mnatoka."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kanisani," alisema, akachukua redio ya mkononi akapanda bodaboda.

Kidude hakikuwa na haja ya kutafutwa. Nyuma ya altare, juu ya uwanja, kuna jiwe kubwa kama nyumba, na juu ya jiwe Privatus alikuwa ameweka boksi la spika lililofunikwa kitambaa cheupe. Odeta aliwapita wakaribishaji waliojaribu kumwonyesha nafasi. Alipita katikati ya viti, na sare zake za kazi, mbele ya watoto waliovaa nyeupe, mbele ya Askofu aliyekuwa na kidole gumba chenye mafuta kwenye paji la uso la mtoto wa kwanza. Akaanza kupanda. Kwaya iliendelea kuimba kwa sababu haikujua la kufanya. Watu walidhani ni mtu wa mapambo.

Aliinua kitambaa, akashika waya, akang'oa.

Kwanza ililia simu moja, upande wa kina mama. Kisha kumi. Kisha uwanja mzima ukaamka kwa mara moja, ujumbe wa nusu saa ukishuka kwa pamoja kwenye mifuko na mikoba na vitenge, milio ya kila aina, na watu wakijipapasa kwa hofu. Kwaya ikanyamaza. Padri Antoni aliwatazama waumini wake, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Halafu akainua macho juu ya jiwe. Odeta aliuona uso wake ukielewa, na akatamani jiwe lipasuke.

"Ilemela, Ilemela, Nabugozi naita." Sauti ilitoka kwenye redio ya mkononi, imekauka. "Ilemela, jibu. Jamani, mtu yeyote."

"Nabugozi, nakusikia. Sema, Rebeka."

"Mama! Nimeita nusu saa nzima! Mtoto wa miaka sita, kaumwa na nyoka, fizi zinatoka damu. Mtambo una nini tena?"

Chini ya jiwe alisimama Privatus, na utepe wa ukaribishaji begani. Hakufoka. Alitikisa kichwa polepole, na midomo yake ikamsihi kwa Kihaya, bila sauti, "Waitu, Mama Sharon." Ilitosha kusema hali ya hewa. Masele angeandika, Rebeka angeamini, na kila kitu kingefungwa tena kama kilivyokuwa. Odeta alijua vizuri sana ladha ya kukaa humo. Alibonyeza kitufe.

"Mtambo ni mzima, Rebeka. Ni mimi. Nilifunga kifaa cha kuzima simu kanisani kwetu, ndicho kilichowaziba. Nilikifunga kabla ya Kwaresima."

Benchi za mbele zilisikia. Mtoto mwenye mafuta usoni alisikia.

"Kabla ya Kwaresima," Rebeka alisema.

"Ndiyo."

"Hayo utakuja kuyasema mwenyewe huku kisiwani, mbele ya wale wazazi waliofiwa na mtoto. Mimi sitakusemea. Sasa tuma boti, mama. Mtoto anatoka damu."

"Masele, umesikia? Nabugozi."

"Nimesikia," Masele alisema, kisha akaongeza, "Nimesikia yote, mama. Tunatoka."

Jiwe lile lina njia moja tu ya kushukia, nayo inapita mbele ya altare. Odeta alivua viatu asije akateleza, akashuka.